Jumatano za Gunnvor

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, Gunnvor alisimama jikoni akimenya chungwa. Alilimenya nyumbani kila mara kabla ya kuondoka, akalifunga kwenye karatasi, kwa sababu huko juu mlimani ukivua glavu umenye chungwa, vidole vinaganda kabla ganda halijatoka. Torgrim, mumewe, alikaa mezani na kahawa yake, akitazama kipimajoto kilichobanwa nje ya dirisha. Walikuwa wazee wawili waliokwisha kuambiana mengi, hakuna aliyekuwa na haraka ya kusema.

"Kuna baridi, mama," Torgrim alisema hatimaye.

Binti yao alihama zamani, sasa anakaa mjini Bergen na watoto wake mwenyewe, lakini wao waliendelea kuitana baba na mama kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

"Ni Februari, baba. Ulitaka kuwe na nini?"

"Nasema tu."

"Haya, umesema."

Akapanga vipande vya mkate wenye jibini la kahawia, karatasi katikati ya kila kipande, akavitia kwenye begi la mgongoni pamoja na chupa ya chai, ambayo tangu inunuliwe haikuwahi kuona chai, ni kahawa tu. Akavaa soksi mbili mbili. Chini ya suruali yake alivaa suruali ya ndani ya sufu ya mumewe, aliyoichukua miaka mingi iliyopita bila kuomba. Kisha akashusha skii zake ukutani, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na kwenda zake mlimani, peke yake. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano za majira ya baridi Gunnvor alikuwa mali ya mlima Ljosnuten.

Alirudi kabla ya chakula cha jioni, mashavu mekundu kama mtu aliyezabwa makofi.

"Ilikuwaje huko?"

"Theluji."

"Nyingi?"

"Ya kutosha."

Wakala keki za samaki kwa viazi. Hakuna kilichoonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya aina yake. Viazi viliiva kupita kiasi kidogo, basi.

Kesho yake Gunnvor alikwenda kwa daktari wa meno, kwa ajili ya jino ambalo hata halikumuuma sana. Pale kwa daktari huingii na theluji ya viatu. Mlangoni kuna kikapu cha vifuniko vya plastiki vya bluu. Unavivalisha viatu vyako ndipo unakaa kungoja. Gunnvor alivivaa, akakaa, akachukua jarida akaanza kulifunua. Moyo wake ukasimama hapo hapo. Aliyekaa kiti cha jirani alidhani amesinzia, na kwa kuwa si adabu kumgusa mtu usiyemjua, akamwacha apumzike. Mhudumu alipokuja kumwita jina ndipo ilipojulikana.

Ikawa hivyo. Mwanamke aliyepanda mlima wa barafu peke yake nusu ya maisha yake alifia kwenye sakafu tambarare, katika chumba chenye joto, na plastiki ya bluu miguuni.

Kijiji cha Vassgrenda kilihuzunika. Pia kilichanganyikiwa kidogo, maana kilikuwa kimejiandaa kwa kifo kingine kabisa. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakimzika Gunnvor mlimani. Kila Jumatano yenye upepo kuna mtu alichungulia dirishani na kusema leo ndiyo leo. Vijana wa uokoaji walikwisha kupanga nani atapita bonde lipi, na inasemekana hata mbwa wao alinusishwa skafu yake mapema, ili siku ikifika asipoteze wakati. Siku haikufika. Mbwa alizeeka, akafa kabla yake.

Gunnvor hakuzaliwa na milima. Alizaliwa kwenye kisiwa cha pwani ya magharibi, mahali tambarare kama meza, ambapo kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa mnara wa kanisa na cha pili kilikuwa baba yake. Alikuja bondeni akiwa msichana, kupika katika nyumba ya wazee. Torgrim wakati huo alikuwa dereva wa greda la theluji la wilaya. Kazi yake ilikuwa kuamka kabla ya watu na kusukuma theluji pembeni ili watu wakiamka wakute barabara. Uwanja wa nyumba ya wazee aliupitisha greda mara moja kila asubuhi, kama ilivyoandikwa. Alipomwona mpishi mpya dirishani, akaanza kuupitisha mara mbili. Baadaye akawa anakuja kuondoa theluji hata siku ambazo haikuanguka. Wazee mle ndani walielewa kabla ya Gunnvor.

"Wewe kaka," Gunnvor alimfuata nje siku moja na mwiko mkononi, "huu uwanja umeukwangua hadi changarawe zinaisha. Sema unachotaka au nenda."

Torgrim akasema anachotaka. Ilimchukua muda, lakini alisema.

Milima Gunnvor hakuipenda mwanzoni. Alisema inamtazama. Alipika na mgongo wake ukiwa dirishani ili asiione. Alivumilia hivyo hadi binti yao Ragna alipohama nyumba na kuacha skii zake kibandani. Jumatano moja ya mapumziko yake Gunnvor akazivaa.

"Unakwenda wapi, mama?" Torgrim alimuuliza.

"Juu. Nimechoka kutazamwa. Nakwenda nikatazame na mimi."

Tangu hapo hakuacha. Kiangazi hakupanda, kiangazi, alisema, mlima umejaa watu wanaojipiga picha. Yeye alikuwa wa baridi. Na nyumba ile ikawa ya ajabu: mume analipwa na wilaya kuiondoa theluji, mke anaifuata ilikokimbilia. Jioni wanakutana mezani.

"Ilikuwaje?"

"Theluji. Na wewe?"

"Theluji."

Torgrim alipostaafu, mtu angedhani sasa watapanda wote wawili. Hakupanda. Theluji aliyoiona maishani mwake ilimtosha, na kwa maoni yake mtu mwenye akili hasukumi kitu miaka yote halafu akaenda kukitembelea siku ya mapumziko. Yeye hakuomba kwenda, Gunnvor hakumwambia twende. Katika nyumba ile kutoulizana kulihesabiwa kuwa heshima. Na ilikuwa heshima kweli, mpaka mmoja alipoondoka na majibu yote.

Siku ya mazishi kasisi, kijana aliyetoka mjini, alisema dada yetu amefika kileleni kwa mara ya mwisho. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakatoa leso. Torgrim alifikiria vile vifuniko vya bluu. Baadaye kukawa na kahawa na keki za aina nyingi, na kila mtu alimshika mkono na kusema angalau hakuteseka. Akajibu ndiyo, hakuteseka. Alimjibu hivyo hata jirani yake Eilev, ambaye hakuwa amesema kitu.

Huyu Eilev ndiye aliyekuwa na utani wake. Wazee wa Vassgrenda hukutana kituo cha mafuta, kwenye kona ya kahawa, na kila Jumatano Torgrim alipoingia, Eilev alipaza sauti:

"Jamani, mkewe kamkimbia tena!"

"Jumatano hii tu," Torgrim alijibu.

"Atarudi kweli?"

"Akisikia njaa."

Watu wakacheka, Torgrim akajimiminia kahawa. Utani huo uliishi miaka na miaka, haukuzeeka. Ulikuwa kama kiti pale kituoni. Kila mtu aliujua mahali ulipo.

Jumatano ya kwanza baada ya mazishi Torgrim aliingia kituoni kama kawaida. Eilev alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama kikombe chake. Wengine nao wakatazama vikombe vyao. Mmoja akasema barabara zina utelezi.

Miaka yote utani ule haukumuuma Torgrim. Ulipokufa ndipo ulipoanza kumuuma. Alirudi nyumbani, akakaa, na neno likamkaa kifuani: kamkimbia. Je, ikiwa ilikuwa kweli? Mtu huacha nyumba yenye joto, na mume asiyepiga kelele, akaenda kwenye upepo unaochuna ngozi, kila wiki, peke yake, asimwambie mumewe twende hata siku moja. Anakwenda kwenye kitu, au anatoka kwenye kitu? Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Mengine yote ya maisha yao aliyajua, au alidhani anayajua.

Akampigia simu Ragna.

"Mama alipenda hewa safi, baba."

"Hewa safi ipo hata hapa uwanjani."

"Baba, unakula?"

"Nakula. Aliwahi kukwambia kwa nini anakwenda peke yake?"

"Baba, mama alikuwa mama. Usijitese. Na usije ukafanya ujinga wowote."

Torgrim akasema hafanyi ujinga. Akakata simu, akaenda kibandani kutazama zile skii.

Skii zilikuwa fupi kwake na viatu vyake havikuingia. Yeye mwenyewe hakuwa amesimama juu ya skii tangu jeshini. Basi Jumatano iliyofuata akaamua kupanda kwa miguu. Kwa daktari wa meno hakukuwa na cha kumuuliza, na kaburini alikwisha kwenda, hakuambiwa kitu. Ulibaki mlima.

Alikata mkate, akakata mnene mno. Karatasi za katikati akazisahau. Chungwa akalitia begini na ganda lake. Nguo za mlimani hakuwa nazo, ila alikuwa na nguo ya kazi aliyoondoka nayo siku ya kustaafu: suti nzima ya rangi ya machungwa, yenye mistari inayong'aa ikimulikwa na taa za gari. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na joto, na ilikuwa imelipiwa na wilaya. Akaivaa. Akaendesha gari hadi kwenye maegesho chini ya mlima, akabeba begi la Gunnvor mgongoni, akaanza kupanda. Hakumwambia mtu. Hilo Gunnvor asingelifanya.

Njia ya Ljosnuten wakati wa baridi ni njia ya skii. Watu wa kujitolea huikanyaga kwa mashine, wanachonga mifereji miwili safi, na mifereji hiyo ndiyo fahari ya Vassgrenda. Mtoto wa huko kabla hajajua kufunga kamba za viatu anajua kwamba hakuna kutia mguu mle. Anayetembea kwa viatu kwenye njia ya skii anaacha mashimo, mashimo yanaganda, na skii ya mwenzako ikiingia humo inamtupa. Kuna wezi kijijini wanaosalimiwa. Mtu wa mashimo hasalimiwi.

Torgrim aliyajua hayo, akaanza kutembea pembeni. Pembeni theluji ilikuwa laini na ilimmeza hadi mapajani. Alijivuta, akazama, akajivuta tena. Gari lilikuwa bado linaonekana nyuma, karibu sana kwa mtu aliyekwisha kuhema kiasi kile. Akatazama njia ya skii. Ilikuwa ngumu, imekanyagwa vizuri, inapanda kwa mwinuko wa heshima. Maisha yake yote alikuwa mtu wa barabara, na barabara akiiona anaijua. Akatia mguu mmoja, akatazama nyuma kama mtu anayekojoa karibu na kanisa. Hakuna aliyemwona. Akatia wa pili.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Kila hatua shimo.

Wa kwanza kumkuta alikuwa mwanamume aliyeshuka na mbwa. Alimwona mzee peke yake, uso umekuwa wa kijivu, amevaa kama fundi wa barabara, anahema kama mashine mbovu. Akasema, "Habari." Torgrim akasema, "Nzuri." Mwanamume akatazama mashimo, akakohoa, akapita. Mbwa peke yake ndiye aliyegeuka kumtazama mara ya pili.

Kisha wakaja vijana wawili, mke na mume. Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni mbele. Torgrim alikuwa ameegemea jiwe kwa mikono miwili.

"Hali nzuri ya hewa leo," alisema yule kijana.

"Nzuri sana," Torgrim alijibu, ingawa sauti ilitoka nusu.

Wakasubiri kidogo, kila mmoja akitumaini mwenzake atauliza. Hakuna aliyeuliza. Kumuuliza mtu kama mzima ni kumwambia haonekani mzima, na nani anataka kumvunjia heshima mzee asiyemjua? Wakateleza zao chini polepole. Torgrim alisikia mwanamke akinong'ona, "Labda wilaya wanapeleka barabara juu."

Akakaa kwenye theluji. Ilimjia kwamba akifia hapa kijiji kitapata kile kifo cha mlimani kilichokuwa kikingojwa, ila kitakuwa kimempata mtu asiye wake. Ikamchekesha. Akawa bado amekaa, anacheka peke yake, aliposikia skii zinakuja nyuma yake, na sauti.

"We mzee! Ndiyo, wewe wa rangi ya machungwa! Huna haya?"

Mwanamke wa makamo alikuwa anapanda kwa hasira, fimbo zake za skii zinachoma theluji kama anachoma nyama.

"Nimefuata mashimo yako kutoka maegeshoni! Kila hatua shimo! Watu wanaacha vitanda vyao kuja kuchonga hii njia bure, halafu wewe unaitembelea kama ng'ombe! Nimeanguka mara mbili kwa sababu yako! Umelelewa wapi wewe?"

Torgrim akageuka. Fimbo moja ikabaki hewani.

"Ah," alisema. "Ni wewe."

Alikuwa Solfrid, keshia wa duka la kijiji. Torgrim alimwona karibu kila siku. Mwaka hadi mwaka alipitisha mkate wake na maziwa yake mbele ya mashine, na mwaka hadi mwaka alimwambia maneno mawili, "Mfuko?" na "Risiti?" Hata wiki ile ya msiba aliuliza mfuko, akauliza risiti, hakusema pole. Torgrim alikuwa ameliona hilo. Hakulisema, lakini aliliona.

"Naam, ni mimi," alisema Torgrim. "Naomba radhi kwa mashimo."

"Achana na mashimo." Akatazama begi mgongoni mwake, begi la Gunnvor. Uso wake ukabadilika. "Pole sana, Torgrim. Pole kwa Gunnvor. Nilitaka kukwambia."

"Dukani hukusema."

"Dukani?" Solfrid alimshangaa kama aliyesema jambo la aibu. "Watu wamepanga foleni nyuma yako, Torgrim. Dukani si mahali pa kusemea."

Akamnyooshea mkono, akamwinua. Kisha ndipo akamuuliza kile ambacho mlima mzima ulikuwa umekataa kuuliza.

"U mzima wewe?"

"Si sana."

"Unataka kushuka?"

"Nataka kufika juu."

Solfrid akafikiri. "Si mbali. Lakini pembeni, tafadhali, siyo njiani."

Torgrim akashuka pembeni, akazama hadi kiunoni, akabaki hapo kama nguzo. Solfrid akamtazama. Akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Haya, rudi njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Tukikutana na mtu, mimi sikujui. Akikuuliza, sema umetumwa na wilaya."

Wakapanda hivyo, yeye kwa skii akiwa mbele, mzee kwa mashimo nyuma, na kila Torgrim alipopumzika, Solfrid alipumzika pia akijifanya anafunga kitu kwenye viatu. Huko mlimani alikuwa mwanamke mwingine. Aliongea. Alimwambia Jumatano ndiyo siku yake ya mapumziko, kwamba amepanda huku miaka mingi, na kwamba kileleni, kwenye kile kizuizi cha mawe cha kukinga upepo, ndiko alikokuwa akimkuta Gunnvor.

Torgrim akasimama. "Mlikuwa mnapanda pamoja?"

"Pamoja? Hapana! Kila mmoja alikuwa ametoka kutembea peke yake. Tulikuwa tunakutana tu."

"Kila Jumatano."

"Karibu kila Jumatano."

"Na gari lake ulikuwa unaliona pale maegeshoni?"

"Sana. Nikiliona nilikuwa nangoja kidogo garini apate kutangulia, nisimsumbue." Akaona anavyotazamwa. "Yeye naye alikuwa anafanya hivyo hivyo. Alikiri mwenyewe."

"Na Alhamisi, dukani?"

"Mfuko, risiti," alisema Solfrid, bila kuona ajabu yoyote.

Kileleni hapakuwa na kitu. Torgrim alikuwa ametarajia, hakujua nini hasa, lakini alitarajia. Mabonde, pengine. Bahari kwa mbali, upande wa kisiwa alikotoka Gunnvor. Kulikuwa na ukungu mweupe, rundo la mawe, na ukuta mfupi wa mawe wenye nafasi ya watu wawili kukaa wakibanana. Aliutazama ukungu pande zote nne, mtu asije akasema hakutazama.

"Huwa kuko hivi?"

"Mara nyingi ndivyo," alisema Solfrid. "Siku zenye mandhari huja watu wengi."

Wakakaa ndani ya ukuta. Solfrid akatoa kipande cha plastiki nene akamwekea akalie, asigande. Torgrim akatoa mkate. Vipande vilikuwa vimeshikana vyote pamoja na jibini, vimekuwa kitu kimoja. Akamgawia nusu ya hicho kitu, naye akala bila kusema neno. Chungwa lilikuwa gumu kama jiwe la barabarani. Akalishika kiganjani, akalirudisha begini.

"Alikuwa analimenya nyumbani," alisema Solfrid.

"Najua."

"Ananipa nusu."

Hilo Torgrim hakulijua. Akanywa kahawa. Upepo ulipita juu ya mawe, chini ya mawe kulikuwa na utulivu wa namna fulani. Aliona ni mahali pazuri pa kukaa na mtu usiyepanga kukutana naye. Aliona pia kwamba nafasi ile ya pili ilikuwa na mwenyewe kwa miaka yote ile, na mwenyewe hakuwa yeye. Neno la Eilev likamwinukia kifuani. Hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa ameuliza jambo kubwa mara moja tu maishani, kwenye uwanja wa nyumba ya wazee, na hata siku hiyo alitishiwa kwa mwiko.

"Solfrid."

"Naam."

"Alikuwa ananikimbia?"

Solfrid akageuka. "Nani kakwambia hivyo?"

"Kijiji kizima. Kwa utani."

"Na wewe?"

"Na mimi nilicheka." Akakizungusha kifuniko cha kahawa mkononi. "Miaka yote hakuniambia twende. Hata mara moja. Nimepanda nije nijue. Kama ilikuwa hivyo, sema tu. Mimi ni mtu mzima."

Solfrid alikunja karatasi ya mkate wake mwenyewe mara nne, akaitia mfukoni.

"Hakuwa anakutaja sana," alisema. "Tulikuwa tunaongea mambo ya theluji. Nta ya skii. Goti langu. Siku nyingine hatuongei kabisa, tunakula, tunashuka, kila mtu kivyake."

"Sawa."

"Ila mara moja nilimuuliza. Baridi ya mwaka juzi, ulipokuwa umestaafu zamani. Nilimwambia, mumeo anakaa tu nyumbani siku hizi, mbona humleti? Nilijuta papo hapo, maana si jambo la kumuuliza mtu."

"Akasemaje?"

"Alicheka kwanza."

"Halafu?"

Solfrid akatazama ukungu, si uso wake. "Sijui kama ni jambo zuri kukwambia sasa hivi. Wakati ule lilikuwa la kuchekesha."

"Sema kama alivyosema."

"Kama alivyosema?"

"Neno kwa neno. Usiniongezee wala usinipunguzie."

Basi Solfrid akaweka kikombe chini, akamwambia Torgrim maneno ya mkewe kama yalivyotoka:

"Torgrim? Mwache alipo. Nikimpandisha na yeye huku, mimi jioni nitarudi kwa nani, kwa redio?"